Kipupwe cha Mufindi na Barafu ya Kusini

Kazi yangu ni kupima hali ya hewa. Nilianzia Mbeya, sasa niko Iringa. Saa tatu kamili asubuhi nafungua kibanda cha vipimajoto, nasoma joto, napima maji ya kipima mvua, natazama mawingu, kisha naandika daftarini na kutuma. Dakika zilezile, mwenzangu nisiyemjua katika kituo cha Antaktika naye anasoma vipimo vyake, na tarakimu zetu zinaingia pamoja kwenye kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima. Lakini kila ninapozungumzia utafiti wa ncha za dunia mbele ya walimu au wakulima, swali ni lile lile: barafu ya huko inatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini?

Mkulima wa chai Mufindi analo jibu kila Juni. Mifumo ya baridi huzaliwa katika bahari inayoizunguka Antaktika. Ikipita kusini mwa Afrika, mgandamizo mkubwa wa hewa huifuata nyuma na kuusukuma ubaridi kaskazini hadi kwetu. Usiku ukiwa mtulivu na hauna wingu, umande huganda juu ya majani, na jua likichomoza unaona chai imeungua. Ndicho kipupwe chetu.

Ushahidi mwingine umelala Rungwe, chini ya maji. Ziwa Masoko, wenyeji wengine huliita Kisiba, ni shimo la mlipuko wa volkano, na tope limejitandaza humo tabaka juu ya tabaka kwa makumi ya maelfu ya miaka. Watafiti wa Kifaransa na Kitanzania walizamisha mabomba wakalitoa tope hilo, wakahesabu chavua na kupima madini yake. Barafu ya Greenland inaonyesha kwamba takriban miaka 11,700 iliyopita baridi kali ya kaskazini ilikoma ghafla. Tope la Masoko linaonyesha kuwa karibu na wakati huohuo mpangilio wa mvua na kiangazi ulibadilika hapa Rungwe, na uoto ukabadilika nao. Nilipolisikia hili likielezwa kwenye semina, nilijawa na fahari ambayo sijawahi kuipata kazini. Ziwa ambamo watoto wa Masoko huogelea linasomwa sambamba na barafu ya Greenland!

Sayansi ya ncha za dunia tangu mwanzo imejengwa juu ya kupima kwa pamoja. Karl Weyprecht, ofisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria, alishikilia kwamba safari za kutafuta sifa hazina faida kama mataifa hayapimi kwa wakati mmoja na kwa utaratibu mmoja. Hivyo ukapatikana Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa kwanza, 1882 hadi 1883. Ule wa 2007 hadi 2008 ulishirikisha nchi zaidi ya 60, na Juni 2010 wanasayansi zaidi ya 2,000 wakakutana Oslo kupambanua walichokipata. Mwingine unaandaliwa kwa 2032 hadi 2033.

Hapo ndipo nina neno na wenzangu. Katika mikusanyiko ya namna hiyo Afrika Mashariki hutajwa zaidi kwa Kilimanjaro, ambako Lonnie Thompson na timu yake walichimba barafu mwaka 2000, na kwa miji ya pwani inayotishiwa na bahari. Ni haki hayo yatajwe. Lakini Nyanda za Juu Kusini nazo zina cha kupeleka: tope la Masoko, na madaftari ya mvua ya misheni, mashamba ya chai na vituo vyetu. Mengi ya madaftari hayo yamo stoo, karatasi zinaliwa na mchwa. Ewe mwalimu wa jiografia, meneja wa shamba, katibu wa parokia: kama unalo daftari la zamani la mvua, usilichome. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha lipeleke kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe kabla ya 2032.