Lango la Chuo cha Tudor



Binti yangu wa pili ameitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kusomea uhandisi wa umeme. Barua ilikuja kwa simu. Tukaenda dukani tukaichapisha, na jioni nikaichukua hadi Kibokoni kwa baba yangu, kwa kuwa katika nyumba yetu jambo halihesabiwi kuwa limekuwa mpaka yeye amelisikia. Nilimkuta barazani na ami na wazee wawili wa mtaa, vikombe vya kahawa mikononi. Nikawasomea. Ami ndiye aliyetangulia kunena: “Chuo kile si chetu tena. Na msichana ataenda kuinamia mitambo katikati ya wanaume?”

Baba hakujibu. Alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu yake, akaomba kahawa nyingine.

Maneno hayo ya “si chetu tena” nimeyasikia tangu utotoni, na huenda msomaji naye ameyasikia kwao. Yana asili yake. Mwaka 1948 viongozi wa Waislamu wa Afrika Mashariki walishauriana juu ya kujengwa chuo cha ufundi kwa vijana wao, waliokuwa wameachwa nyuma sana katika elimu ya kazi za mikono na mitambo. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa. Aga Khan alitoa. Jamaa wa Kibohora walitoa. Na hazina ya maendeleo ya makoloni kutoka London nayo ikatia fungu lake. Tazama watu hao walivyotofautiana kwa madhehebu na kwa makabila, na bado fedha zao zikakutana Tudor katika ukuta mmoja. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Jina lake lilikuwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ila wazee hadi leo huita MIOME, kwa herufi za jina lake la Kiingereza.

Kisha uhuru ukaja. Katikati ya miaka ya 1960 milango ikafunguliwa kwa Wakenya wote na jina likabadilishwa. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Kwa serikali hiyo ni hadithi ya kupanda daraja. Kwa wazee wa baraza letu ni hadithi ya mali ya Waislamu iliyotoka mikononi mwao. Mimi naona kila upande una sehemu ya haki, wala sitaki kuwakejeli wazee, kwani waliotoa walikuwa na nia waliyoitaja, na nia ya mtoaji katika dini yetu si kitu kidogo. Ila nimekuwa nikijiuliza ni wangapi kati ya wanaolalamika waliowahi kumpeleka mtoto wao hata kuomba nafasi.

Baba yangu alikuwa mmoja wa vijana wa MIOME. Aliingia katika miaka ya 1950, na nyanya yangu, Allah amrehemu, aliuza vikuku vyake viwili vya dhahabu ili mwanawe apate nguo, viatu na vitu vya bweni. Hakujua kusoma hati ya Kizungu wala hakupata kuiona karakana ambayo vikuku vyake vilimfikisha mwanawe. Baba alitoka na cheti cha ufundi, akafanya kazi bandarini Kilindini hadi kustaafu, na kwa mshahara huo akatulea watoto saba. Akizungumza habari za chuo hupenda kutaja tupa. Anasema kwa miezi kadhaa ya mwanzo kazi yao ilikuwa kupiga tupa kipande cha chuma mpaka pande zake zote ziwe sawa, na mwalimu akiona mwanya wa upana wa unywele humrudisha mtu aanze tena. Alizoea kutwambia kwamba namna ile ya kurudishwa ndiyo iliyomfunza subira, kuliko fimbo zote za chuoni alikosomea Qur’ani.

Hadithi nyingine aipendayo ni ya karani. Pale MIOME, mwanzoni mwa miaka hiyo, palikuwa na kijana aliyefanya kazi ya ukarani kwa kuwa matokeo yake ya mtihani hayakutosha kumfikisha chuo kikuu. Alikuwa mwana wa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947. Siku ya Maulidi kijana huyo akapewa nafasi ya kuhutubu, na miongoni mwa waliokuwa wameketi alikuwamo Gavana Philip Mitchell. Hotuba ile ilimpendeza gavana, na kutokana nayo njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Karani huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere na Marekani, na mwaka 2014 akarudishwa Mombasa kuzikwa kwenye makaburi ya wazee wake karibu na Ngome ya Yesu. Baba huisimulia kana kwamba alikuwepo, nasi hatumsahihishi, japokuwa tukihesabu miaka tunaona hakuwahi.

Lakini ni huyo baba yake karani ambaye mimi nimekuwa nikimfikiri wiki hizi. Sheikh Al-Amin alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwakaripia watu wa Mombasa kwa uvivu, kwa israfu za arusi na matanga, na kwa kuidharau elimu mpya. Na aliandika pia kwamba mwanamke ana haki ya kusomeshwa. Hayo yalisemwa na alimu, kwa lugha yetu, katika mji wetu, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Majumba mengine ya elimu yalijengwa na matajiri. Allidina Visram High School, kwa mfano, ilijengwa na mwanawe Allidina Visram kwa ukumbusho wa baba yake mfanyabiashara, ikafunguliwa mwaka 1923. Sheikh hakuwa na mali ya kiasi hicho. Alikuwa na karatasi. Hata hivyo, chuo kilipokuja kujengwa Tudor kilijengwa kwa ajili ya wavulana.

Na hapa nafika kwenye lile lililomnyamazisha baba yangu barazani.

Mwaka 1986 nilimaliza kidato cha nne nikapasi vyema hesabu na fizikia. Wakati huo chuo kilikuwa kimekwisha kuwa cha wote, wasichana kwa wavulana. Nilijaza fomu ya kusomea ufundi wa umeme, nikaiweka juu ya meza ya baba ili aitie sahihi, maana nilidhani hapana mtu Mombasa nzima atakayefurahi zaidi yake. Ilikaa hapo siku nne. Siku ya tano nikaikuta imerudishwa ndani ya daftari langu bila sahihi. Aliniambia tu, “Mwanangu, watu watasema nini?” Mama alijaribu kusema naye, akashindwa. Nikajifunza kushona, nikaolewa, nikasomesha madrasa, na Alhamdulillahi sikukosa riziki. Sikuwahi kuitaja fomu ile tena, wala yeye.

Nilipopanda ngazi siku ile ya barua nilikuwa nimejitayarisha kwa jibu lile lile. Sikujitayarisha kwa kimya.

Jumamosi iliyofuata akanipigia simu asubuhi mapema. “Njoo na gari. Na yule mtoto aje.” Hakusema tunakwenda wapi mpaka tulipofika njia ya Tudor. Penye lango bawabu alitutazama, mzee wa kanzu na mkongojo, mwanamke wa buibui, na msichana aliyeshika bahasha, akauliza tumekuja kumwona nani. Baba akasema, “Mimi nimesoma hapa.” Bawabu, kijana mdogo wa bara, akasimama wima akampa mkono kwa heshima, akamwita “shikamoo mzee”, akatufungulia.

Tulitembea polepole. Matao ya jengo la zamani aliyatambua mara moja, akayagusa kwa kiganja. Mengine yalimchanganya, majumba yameongezeka, na pale alipodhani pana karakana palikuwa na darasa lenye kompyuta. Wasichana wawili wenye hijabu walitoka wakibishana juu ya jambo la hesabu, mmoja akiandika hewani kwa kidole. Baba akasimama kuwatazama hadi walipopotea pembeni. Kisha akamwuliza binti yangu, “Nanyi mtapiga tupa?”

“Sijui, babu. Nikianza nitakwambia.”

“Ukirudishwa usilie. Mimi nilirudishwa mara tisa.”

Njiani kurudi alikaa mbele nami, kimya. Tulipofika Kibokoni alitoa bahasha nyingine mfukoni, akampa mtoto. Ndani mlikuwa na fedha za muhula wa kwanza, noti kuukuu zilizokunjwa kunjwa. Ile barua nayo alinirudishia mimi. Fomu ya mzazi iliyoambatanishwa nyuma yake ilikuwa tayari imetiwa sahihi, kwa mkono unaotetemeka, kwenye mstari uliopasa kuwa wangu au wa mume wangu. Itabidi tuchapishe nyingine kwa ajili ya ofisi. Ile yake nimeiweka kabatini.

Ami bado hajaridhika, na barazani hadithi ya chuo kilichotoka mikononi inaendelea kama kawaida. Binti yangu anaanza Jumatatu. Baba ameuliza darasa huisha saa ngapi na matatu gani hupita Tudor, na ameagiza kwamba siku ya kwanza apite kwake kabla ya kwenda nyumbani.