Tulisema Anajua Kuogelea

Kuna maneno madogo ambayo mzazi huyasema bila kufikiri, kumbe yanaweza kumgharimu mtoto. Sisi tulilisema neno moja la namna hiyo katika likizo ya Desemba, tukiwa baharini, na tangu siku hiyo hatujaacha kumshukuru Mungu kwa kutuhurumia. Tumeona ni vema tuwasimulie, hasa ninyi akina mama mnaopanga kuwapeleka watoto pwani, ili kosa letu liwe funzo kwenu.

Sisi ni watu wa milimani, wa Taita. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya kijito na ya mtungi. Hakuna kati yetu wawili anayejua kuogelea, na kila tulipokwenda pwani kwa harusi au matanga, tulivuka Likoni tumeshika vyuma vya feri kwa nguvu. Lakini watoto wetu watatu wamezaliwa katika wakati mwingine. Kifungua mimba, msichana wa miaka 14, alifundishwa shuleni habari za matumbawe, akaja nyumbani na swali: "Kama bahari ni ya nchi yetu, mbona ni wageni tu wanaokwenda kuyaona?" Hatukuwa na jibu.

Basi tukaweka akiba mwaka mzima. Zamu yetu katika chama ilipofika, fedha hazikununua viti vipya kama tulivyokusudia, na mbuzi wawili wakauzwa. Tulichagua Hifadhi ya Bahari ya Kisite, ng'ambo ya kijiji cha Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 28, na humo hakuna ruhusa ya kuvua samaki. Jirani yake ni Mpunguti, ambako wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia zao za asili. Waliotutangulia walitushauri twende wakati wa kaskazi, maana wakati wa kusi mawimbi ni makubwa na maji huchafuka, hata ukiingia huoni kitu.

Tuliondoka Shimoni asubuhi katika jahazi la injini, pamoja na familia nyingine mbili. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa kisiwa cha Wasini, mtoto wa mvuvi, mpole wa maneno. Aliwaamkia wazee, akawauliza watoto majina, kisha njiani akaanza kuwafundisha. Aliwaonyesha namna ya kupima miwani ya maji: unaiweka usoni bila kufunga mkanda, unavuta pumzi kwa pua, nayo ikishika bila kuanguka, inakufaa. Akawaambia wateme mate ndani ya kioo, wayasugue na kusuuza, ili kisiingie ukungu. Kitinda mimba wetu wa miaka 6 alicheka mpaka akashika tumbo, maana nyumbani kutema mate ni kosa. Kisha akawaonyesha bomba la kupumulia: unaliuma kwa meno, unapumua kwa mdomo taratibu, na maji yakiingia unayapuliza nje kwa nguvu.

Tulipokaribia matumbawe, akazima injini, akauliza, "Nani anajua kuogelea, na nani hajui? Msione haya. Wasiojua watavaa majaketi ya kuelea na kushika boya, nao watakwenda na mimi kundi la pili."

Watoto wa familia zile nyingine waliinua mikono upesi. Walikuwa watoto wa mjini, na miwani yao walikuja nayo kutoka nyumbani. Mwanetu wa kati, wa miaka 10, alitutazama. Kijana akatugeukia. "Na huyu, mama? Mzee?"

Tukasema, "Anajua. Anafundishwa shuleni."

Hatutawaambia ni nani kati yetu aliyetamka, kwa sababu mwenzake alisikia akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kusema. Ni kweli mtoto alikuwa amefundishwa muhula mmoja. Lakini ripoti ya mwalimu tulikuwa nayo, na ilisema kwamba bado anashika ukingo wa bwawa. Tulijua. Tulisema vile kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, kwa sababu tulikuwa tumelipa, na kwa sababu kwa majirani tulikuwa tumekwisha kujisifu kwamba kijana wetu ni samaki.

Kiongozi alitaka avae jaketi hata hivyo. Mtoto akalikataa, kwa kuwa wale wengine hawakuvaa, nasi tukamuunga mkono. Kijana akasita kidogo, kisha akasema, "Haya, kwa neno lenu. Lakini asiende mbali na boya." Naye alipotuuliza kama na sisi tutaingia, tulijibu kwamba tutabaki kulinda mizigo.

Tulikaa ukingoni mwa jahazi tukitazama. Maji yalikuwa meupe kama kioo, na chini yake vivuli vya matumbawe vilionekana. Watoto walielea kifudifudi, mabomba yamesimama juu. Mwanetu alishika boya kwa mkono mmoja. Baada ya muda akaliachia. Tukamwona ameinua kichwa, uso umeelekea juu, mikono ikipapasa maji pande zote mbili kama mtu anayetaka kupanda ngazi. Hakupiga kelele. Mmoja wetu akasema, "Tazama anavyocheza." Tena tulimpungia mkono.

Alikuwa anazama.

Wapendwa, tunaandika neno hili kwa uchungu. Tulikuwa hatua chache kutoka kwake, macho yetu yako juu yake, na hatukujua. Tulidhani anayezama hupiga mayowe. Baadaye kijana yule alitueleza kwamba mara nyingi anayezama hana sauti, maana pumzi yote anaitafutia uhai, haibaki ya kuita; wala hawezi kupunga mkono, kwa sababu mikono inatafuta mahali pa kushika. Yeye alimwona tangu upande wa pili. Kabla hatujamaliza kutabasamu, alikuwa amefika, amempitishia boya chini ya makwapa, na anamvuta jahazini.

Mtoto alikohoa, akatapika maji ya chumvi, akalia. Tulimfunika kwa leso, mikono yetu ikitetemeka. Kiongozi alihakikisha kwamba anapumua vizuri, akatuambia tuendelee kumwangalia hadi usiku, na kwamba akianza kukohoa sana au kupumua kwa shida, tumpeleke hospitali bila kuchelewa. Kisha akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa upole, "Baba, niambie mimi. Unajua kuogelea?"

Mtoto akatutazama kwanza. Hilo ndilo lililotuchoma moyo: alikuwa anatuomba ruhusa ya kusema kweli. Tulipotikisa kichwa, akajibu, "Mguu ukigusa chini, najua. Usipogusa, sijui."

Kijana hakutukemea, wala hakututia aibu mbele za watu. Alisema tu, "Mama, mzee, huku baharini mimi mtoto wenu simjui. Nafuata neno lenu. Neno lenu ndilo kamba yangu. Likiwa limeoza, nitashika nini?"

Tuliomba radhi pale pale, mbele ya familia zile. Tukakiri pia jambo la pili, kwamba hata sisi hatujui kuogelea, na kwamba kulinda mizigo kulikuwa kisingizio. Tulitazamia watucheke. Badala yake, mama mmoja wa zile familia nyingine akasema polepole, "Hata mimi sijui. Naogopa." Kumbe tulikuwa wengi tuliojificha nyuma ya mizigo.

Ndipo kiongozi akabadilisha mpango. Akatuvika sote majaketi, akakaza mikanda yote hadi ule wa chini, akashusha boya kubwa la duara lililofungwa kamba. Tukalishika pande zote, akina mama, akina baba na watoto, naye akaivuta kamba akiogelea mbele yetu. Tulimuuliza mwanetu kama anataka kubaki jahazini, tukamwambia hakuna atakayemdharau. Alifikiri kidogo, akasema, "Nikivaa jaketi, nitakwenda." Akaingia akiwa katikati yetu.

Tutasema nini juu ya yale tuliyoyaona? Tulitia nyuso majini, na dunia nyingine ikafunguka. Samaki wa manjano walipita kwa makundi kama wanafunzi wanaotoka shule. Pono wa kijani na buluu waliguguna matumbawe kwa meno yao, na sauti ya kuguguna tuliisikia kwa masikio yetu. Kiongozi alipotuinua vichwa alitueleza kwamba pono husaga vipande vya matumbawe kooni na kuvitoa vikiwa mchanga, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukoni ni kazi yake. Alituonyesha viti vya pweza na jongoo bahari. Alituzuia kusimama juu ya matumbawe au kuyagusa, maana si mawe. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja na kujenga taratibu mno. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka, na mguu mmoja wa mgeni unaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalikuwa meupe na kufa, na yaliyopona yanahitaji kulindwa.

Kifungua mimba wetu alilia ndani ya miwani yake. Alisema ni maji ya chumvi. Kitinda mimba alimshika kiongozi shingoni muda wote, akapiga kelele katika bomba kila alipoona samaki. Na mwanetu wa kati, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wetu, haukubana sana wala haukuachia.

Mchana tulikula kisiwani Wasini, kisha tukatembea juu ya njia ya mbao inayotunzwa na kikundi cha akina mama wa kisiwa hicho, ikipita katikati ya matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu na mikoko. Tulipowaona akina mama wale wakipokea kiingilio na kuandika daftarini, tulifurahi kuwa fedha za mbuzi wetu zimefika pia mikononi mwa wanawake wenzetu.

Usiku huo, wadogo walipokwisha kulala, tuliketi na mwanetu. Tulimwambia, "Mwanetu, leo tulidanganya juu yako, na uongo wetu ungekuua. Utusamehe." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Niliachia boya kwa sababu mliniambia watu kuwa mimi ni samaki. Nilitaka iwe kweli." Tulikosa la kusema. Tulikuwa tumemtwika mtoto wa miaka 10 sifa zetu, tukamtumbukiza nazo katika maji marefu.

Tuliomba pamoja. Tukasoma habari za Petro katika Mathayo sura ya 14. Tumeisikia mara nyingi kanisani, lakini usiku ule tuliona jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Petro alikuwa mvuvi. Maji aliyajua tangu ujana wake, na wenzake walikuwa chomboni wakimtazama. Angeweza kuona haya. Lakini alipoanza kuzama hakujifanya. Alilia aokolewe, na mkono ukanyoshwa mara moja. Sisi tulimfundisha mtoto wetu kuinua kichwa na kunyamaza.

Mama mwenzetu, ukiwapeleka watoto wako kuona matumbawe, nenda. Usizuiwe na woga. Lakini kabla ya kulipa, uliza kama kuna majaketi ya saizi ya watoto, maana la mtu mzima humtoka mtoto kichwani. Uliza kiongozi mmoja anaangalia watu wangapi majini. Wavike watoto fulana za mikono mirefu, kwa sababu jua huunguza mgongo wa anayeelea naye hasikii. Wafundishe kutumia miwani na bomba mahali miguu inapogusa chini kwanza. Chagua mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto tu, asipige picha wala kuzungumza. Mtoto akinyamaza ghafla majini, usingoje akuite. Na zaidi ya yote, kiongozi akikuuliza, "Anajua kuogelea?" mwambie kweli, hata kama chombo kizima kinakusikiliza.

Muhula uliofuata mwanetu alirudi katika darasa la kuogelea. Ripoti ya mwalimu ilipokuja, ilisema ameachia ukingo, anaogelea upana wa bwawa. Jirani alipotuuliza habari zake, tulimwambia hivyo hivyo: upana, si urefu. Mwanetu alikuwa mlangoni akisikiliza. Akatabasamu, akaenda kucheza.