Ilemba: Mti Unaohama na Mwenyewe

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuishi katika nyumba ya kupanga, au katika nyumba ya kazi ambayo ufunguo wake hurudishwa siku barua ya uhamisho ifikapo, basi unalijua swali lililonipeleka Ilemba. Je, mtu asiye na kiwanja chake aweza kuwa na mti wake?

Nilipanda gari alfajiri mjini Sumbawanga, mwishoni mwa Septemba. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na abiria wote tulikuwa tumejifunika masweta na vitenge. Tulishika barabara kuu ya Tunduma, tukapita mashamba ya uwanda ulio wazi, ambako Wafipa wana desturi ya kufukia majani chini ya matuta ya mviringo ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Kisha tukaiacha barabara kuu kwa njia ya Kalambanzite, na mara uwanda ukakatika. Tulikuwa tumefika ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima ambao chini yake limelala bonde la Ziwa Rukwa.

Katika mteremko huo mambo mawili hutokea. La kwanza, masweta huvuliwa moja baada ya jingine, kwa kuwa bonde liko chini ya uwanda kwa karibu mita 1,000, na kila mita 1,000 za kuteremka huongeza joto kwa nyuzi sita hivi. La pili ni la macho. Miombo ya mlimani huchipua majani mapya kabla ya mvua, na majani hayo machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya damu ya mzee. Mlima mzima huonekana kana kwamba umewashwa moto usio na moshi.

Mbele ya wekundu ule nilikumbuka msiba wangu mdogo. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu aliyekuwa masomoni Japani aliniletea mbegu za mepo, mti wa kwao ambao jani lake limechanuka kama kiganja cha mtoto mchanga, na ambao kabla ya kupukutisha huvaa rangi nyekundu inayowatoa watu majumbani kwenda kuutazama. Aliniletea pia picha ya mti huo katika umbo la bonsai, yaani mti uliopandwa katika sinia la udongo, umezeeka shina, lakini kimo chake hakipiti goti. Nilizilaza mbegu katika mchanga mbichi ndani ya jokofu kwa miezi mitatu. Saba zikaota. Mwaka wa pili kingo za majani zikaungua kama karatasi iliyosogezwa motoni. Mwaka wa tatu, pale barazani kwangu Dar es Salaam, sikuwa na mche hata mmoja.

Huenda ukasema kwamba nilikosea kumwagilia. La hasha. Nilikosea kuchagua.

Wajapani, ambao sanaa hii waliipokea kutoka China na kuilea kwa karne nyingi, huchagua kwa makini sana. Katika kijiji cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunza bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923, mepo ni miongoni mwa miti inayoheshimiwa. Lakini mepo si mmoja. Kuna Deshojo, ambao majani yake huchipua mekundu na kugeuka kijani baadaye. Kuna Kiyohime, mfupi wa asili, mwenye majani madogo, ila hupenda kutanuka pembeni kuliko kupanda juu. Kuna Shishigashira, wenye majani yaliyojikunja na ukuaji wa polepole. Kuna Arakawa, unaopendwa kwa gamba lake lenye mikwaruzo. Na kuna ile yenye majani yaliyochanwachanwa kama nyuzi, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa imebebeshwa juu ya shina la mepo mwingine, na kovu la kubebeshwa hubaki likionekana maisha yote.

Mchaguzi mwerevu huuliza maswali manne. Je, jani ni dogo, au litakubali kupungua? Je, pingili kati ya jani na jani ni fupi? Je, mti umesimama juu ya mizizi yake wenyewe? Je, ukikatwa, huchipua tena kwa nguvu? Ndiyo maana wengi wao hukiacha kitalu cha majina makubwa na kuchukua mche wa kawaida uliotokana na mbegu, kwani huo ndio wenye afya.

Lakini lipo swali la tano, ambalo Mjapani haliulizi kwa sababu hali ya hewa yake imekwisha mjibu: je, mahali hapa pana baridi ya kuulaza mti? Mepo huhitaji kila mwaka wiki nyingi za baridi iliyo chini ya takriban nyuzi 7, apukutishe na kulala usingizi. Asipolala huchoka, kama mfanyakazi asiyepewa likizo, na mwisho hufa. Kipupwe cha Sumbawanga, pamoja na ukali wake wa blanketi mbili, hukatizwa kila siku na jua la mchana. Kama Sumbawanga haitoshi, Dar es Salaam ningepata wapi? Na Ilemba je, ambako tulifika saa sita mchana huku mashati yamegandamana na migongo?

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyefundisha katika vituo vinne kabla ya kutulia Ilemba. Nilimwamkia, akaniitikia na kunipa maji ya mtungini. Kisha akanionyesha, juu ya kigoda karibu na mlango, mkwaju.

Ndugu msomaji, mkwaju huo haukufika mkono mmoja kwa urefu. Shina lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, gamba limepasukapasuka kama la mkwaju mkubwa wa njiani, matawi yametandaa kama mwavuli, na vijani vyake vilikuwa vidogo kuliko kucha ya kidole kidogo cha mtoto. Ulikuwa umekaa katika sinia la udongo lililofinyangwa papo hapo bondeni.

"Katika kituo cha kwanza nilipanda mwembe," alinieleza. "Ulipoanza kuzaa, nikahamishwa. Katika kituo cha pili nikapanda mwingine, nao nikauacha. Nyumba ni ya serikali, mwanangu, na mwembe ukawa wa serikali. Nikasema, safari hii nitapanda mti ambao nao utapanda gari."

Hakuanza na mkwaju. Alipokuwa Sumbawanga alichukua mche wa msonobari katika kitalu, akaulea katika kopo, nao ukapendeza kwa ubaridi wa kule juu. Alipohamia bondeni akaja nao mapajani. Haukuumaliza mwezi wa Oktoba. "Nililia," alisema bila aibu. "Mume wangu alikuwa ameniwekea waya wa kwanza kwa mkono wake, na yeye alikuwa amekwisha tangulia." Baadaye akaokota mbegu tatu za ukwaju chini ya mti wa sokoni, akaziroweka usiku mmoja katika maji ya vuguvugu, akazipanda. Mmoja ndio huo.

Nilimuuliza kama majirani walisemaje. Alicheka. Jina la Sumbawanga lenyewe huelezwa na wengi kwamba ni agizo la mtu kutupa uchawi wake, na mti mzee usiokua ulizua maneno. Alichofanya ni kuwaita watoto wa jirani washuhudie siku ya kuukata mizizi. Walipoona ni mkasi, mchanga na maji tu, maneno yakaisha.

Sasa pima mkwaju huo kwa maswali yetu. Jani ni dogo. Ukikatwa huchipua. Umesimama juu ya mizizi yake. Nalo joto la bonde ndilo kwao, kwa kuwa mkwaju ni mwenyeji wa Afrika ya joto. Mwalimu hakuwa na kitabu, lakini alichagua vizuri kuliko mimi niliyekuwa na maelekezo ya kurasa mbili.

Nawe unayesoma haya barazani mwako, chagua hivyo hivyo. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au bonde lolote lenye joto, chukua mkwaju, au mrumba, ambao hushika kwa kipandikizi na hustahimili chungu chembamba. Mbuyu pia hufaa, mradi upunguze sana maji unapopukutisha, la sivyo huoza mizizi. Ukiwa Sumbawanga, Mbeya au Iringa, mzeituni mwitu wa nyanda za juu una jani dogo na mti mgumu. Na ikiwa moyo wako, kama wangu, umetekwa na wekundu wa mepo, kata kijiti cha bogenvilia ya uani. Ile rangi tunayoiita ua kwa hakika ni majani yaliyogeuka rangi, nayo haidai baridi hata kidogo.

Usiende kung'oa miombo ya mlimani kwa sababu ya rangi yake. Mizizi yake huishi kwa kushirikiana na aina za uyoga zilizomo katika udongo ule ule, na mara nyingi mti uliong'olewa hufa. Aidha, miti hiyo ndiyo inayoushika udongo wa mlima usiteremke juu ya mashamba ya bondeni.

Utunzaji ni kazi ya subira. Changanya mboji na changarawe au tofali lililopondwa, na sinia liwe na matundu. Weka mti nje penye jua, kwa maana mti si pambo la kabati. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utoe, punguza mizizi, urudishe katika udongo mpya. Waya wa kuelekeza tawi uondolewe kabla haujauma gamba.

Nchini Marekani, mjini Washington, upo msonobari wa Kijapani ulioanza kutunzwa katika chungu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 familia iliyoutunza ikautoa zawadi. Umevuka bahari na vizazi, na ungali unachipua, kwa kuwa kila aliyeupokea aliumwagilia siku hiyo, na siku iliyofuata.

Wakati wa kuagana mwalimu alinifungia mbegu nne za ukwaju katika kipande cha gazeti. Gari lilipoupanda mlima nilivaa tena sweta, na miombo ilikuwa ingali nyekundu pande zote mbili za njia. Mbegu mbili zimekwisha ota. Barua ya uhamisho ikija, kopo lao litakaa mapajani pangu.