Kukwama si kufa

Katika Kiswahili chetu cha Bukavu vitu vingi hufa. Simu hufa, redio hufa, saa ya ukutani hufa, na gari likikataa kuwaka asubuhi tunasema limekufa, hata kama jioni yake litaonekana Mudaka limejaa abiria. Neno hilo halitusumbui, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba ni kifo cha muda. Lakini likitoka kinywani mwa fundi aliyeitwa kutoa hukumu, neno hilo lina bei. Nataka kuieleza bei hiyo kupitia moteri ya gari moja la Miti.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1987, mali ya mjomba wangu. Waliofuatilia mbio za magari wanalikumbuka jina hilo: Celica ya umbo lililotangulia ilishinda Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ya mjomba haikuwahi kushindana na mtu. Ina milango miwili, moteri ya lita 2 aina ya 3S-GE, na taa za mbele zinazoinuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura, jambo ambalo watoto wa Miti hawakuchoka kulitazama. Aliinunua Bujumbura, akaipandisha kwa barabara ya Ngomo. Baadaye vipuri vikawa adimu, akaiegesha katika kibanda cha mabati karibu na njia panda, pale ambapo barabara ya Bunyakiri inaachana na ile ya Kavumu. Ikakaa humo miaka minne.

Mwaka jana binti yake alipokelewa kusomea uuguzi, na karo ikahitajika. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa dola 250. Mfanyabiashara mmoja wa Bukavu alisema yuko tayari kutoa 1,500, ila kwa gari linalotembea. Mjomba akaita fundi. Fundi akafunga bateri mpya, akazungusha ufunguo, tukasikia "ka!" moja tu. Akajaribu kuizungusha moteri kwa ufunguo wa bolti, ikakataa. "Mzee, moteri imekufa. Tafuta ingine." Moteri nyingine, iliyotumika, ingetoka Kampala kwa dola 900, bila usafiri wala kazi. Ukipiga hesabu, karo ilikuwa imekwisha hapo hapo.

Fundi wa pili ni mzee aliyejifunza kazi kwenye malori ya mashamba ya chai. Hakugusa gari. Alivuta kigoda, akamuuliza mjomba: "Ilifia njiani, ao ilikatala kuamuka?"

Katika swali hilo fupi ndimo ulimokuwa uchunguzi wote. Moteri inayokwama ikiwa inatembea kwa kawaida imekosa mafuta au imekosa maji: beringi zimeungua na kuushika mhimili mkuu, ule ambao mafundi wetu wanauita vilbreke, au pistoni zimevimba kwa joto na kuchubua kuta za silinda. Hapo gharama ni kubwa, na mara nyingi neno "kufa" ni la haki. Moteri iliyoegeshwa ikiwa nzima kisha ikakataa kuamka ina kisa kingine kabisa. Mjomba akajibu kwamba gari liliingia kibandani kwa nguvu zake lenyewe, bila moshi na bila kelele. "Basi," akasema mzee, "tusilie mbele ya maiti."

Alichofanya baadaye kilifuata mpangilio mmoja: kuanza na sababu ya bei rahisi, na kuifuta kabla ya kwenda kwa ya bei ghali.

Kwanza alilegeza mikanda ya nje. Alternateta au pampu ya usukani ikishikana, mkanda unaweza kuizuia moteri nzima, na mtu akanunua moteri kumbe alihitaji beringi moja ndogo. Haikuwa hiyo. Pili alifungua demareri, kwa kuwa meno yake yanaweza kunasa kwenye gurudumu la moteri. Haikuwa hiyo pia. Tatu alitoa buji zote nne, ambazo wenzetu wa pwani wanaziita plagi. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni hugonga hapo ikasimama. Hayakutoka maji. Nne alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanusa, kisha akamwaga mafuta kidogo kutoka chini kwenye sahani nyeupe na kuyageuza-geuza juani. Mafuta yenye rangi ya maziwa yangeonyesha kwamba maji yamechanganyika humo; vipande vinavyong'aa vingeonyesha kwamba beringi zimesagika. Yalikuwa meusi, mazee, lakini safi.

Mwishoni alishusha kitochi chembamba kwenye shimo la kila buji. Katika silinda ya tatu ukuta ulikuwa na rangi ya udongo wa Kabare. Kutu. Mtu fulani alikuwa amefungua kasha la filta ya hewa na hakulirudisha. Moteri ikisimama, daima kuna supapu zinazobaki wazi, na kwetu hewa hukaa na unyevu tangu Septemba hadi Mei. Unyevu ulipita njia hiyo miaka minne, ringi za pistoni zikashikana na ukuta. Pistoni moja ikishikana, zote nne zimefungwa, maana zinategemea mhimili mmoja.

Tiba ilikuwa ya kuchosha kwa jinsi ilivyohitaji subira. Alichanganya mazutu na mafuta ya giaboksi, akamimina kidogo katika kila silinda, akaondoka. Kesho yake akaongeza. Siku ya tatu akavisha ufunguo mrefu kwenye bolti ya mbele ya vilbreke, akasukuma kwa mkono mmoja, akaacha. Binamu yangu alitaka kuuchomeka bomba na kuurukia kwa miguu miwili. Mzee akamkatalia: kwa nguvu hizo hukatika bolti, au huvunjika ringi, na moteri iliyokwama inakuwa imekufa kweli, tena kwa mkono wako. Kutumia demareri alikataa pia, kwamba itaungua.

Siku ya sita ufunguo ulisogea upana wa ukucha. Hakushangilia. Aliurudisha nyuma ukucha ule ule, kisha mbele, kisha nyuma, saa nzima, akiongeza mafuta, mpaka moteri ikazunguka mizunguko miwili kamili. Kisha, buji zikiwa bado nje, aliizungusha kwa demareri. Ilitapika mafuta hadi kwenye mabati. Alibadilisha mafuta, filta, na mkanda wa ndani uliozeeka. Ndipo akairuhusu iwake. Iliwaka kwa moshi mzito wa buluu uliopungua baada ya nusu saa, lakini haukuisha.

Hapo alipima mgandamizo. Silinda tatu zilitoa bari 10. Ya tatu ilitoa 7. Alituonya tusizisome namba hizo kama zilivyo vitabuni, kwa kuwa huku kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na hata moteri nzima hupima chini kidogo. Lakini tofauti kati ya silinda na silinda haitokani na mlima. Ringi za ile moja zimechoka. Mjomba akamweleza mnunuzi hayo yote, pamoja na namba. Gari likauzwa dola 1,100. Mzee alilipwa 80, na vipuri viligharimu 120. Binti yuko mwaka wa kwanza.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna la kuokota hapa. Katika siku zile sikumsikia mzee yule akitumia maneno matatu kiholela. Alisema "kukwama" pale ambapo kitu cha nje kinazuia, "kushikana" pale ambapo kutu imeunganisha chuma na chuma, na "kuungua" pale ambapo joto limeharibu. Kila kitenzi kilikuja na kazi yake na bei yake. "Kufa" alilihifadhi kwa ajili ya moteri iliyotobolewa na chuma chake chenyewe. Kamusi tunazotumia darasani hazitenganishi maneno hayo kwa namna hiyo, na istilahi tunazotunga mezani mara nyingi hazifiki garaji.

Kati ya Bukavu na Kavumu kuna garaji nyingi chini ya miti na mabati. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka angeweza kukaa katika mbili au tatu kati yake, na kuandika kila neno la ubovu pamoja na swali ambalo fundi huuliza kabla ya kulitamka.