Amani Ifike na Kadutu

Sijaona katika ukanda wetu mji mwingine uliokaa mahali pazuri kama Bukavu, huko Kongo. Umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake vilima vinapandana kuelekea Mlima Kahuzi, wanakoishi gorila wa nyanda za chini za mashariki. Mjini hapo ndipo ziwa linapoishia na Mto Ruzizi kuanza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville hadi miaka ya 1950, wakajenga katika mtaa wa Ibanda majumba yenye vibaraza vinavyotazama maji. Wananchi wengi wamebanana katika mtaa wa Kadutu, kwenye nyumba za mbao na mabati zilizoshikilia mteremko. Asubuhi, ukungu ukiinuka ziwani, pande zote mbili zinapata mandhari ileile bila malipo.

Niliingia Agosti 2025, peke yangu, kwa kuvuka daraja la Ruzizi kutoka upande wa Rwanda. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa tangu Februari, waasi wa AFC/M23 walipouteka, na siku mbili baadaye wakaushika mji wenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema waasi hao wanasaidiwa na Rwanda, Kigali inakana. Ila anayesafiri peke yake hasikii habari kwa kauli za serikali. Watu humwona mpweke, wakamwita, wakamsemesha.

Wa kwanza kunisemesha alikuwa mama muuza sambaza. Beseni lake lilijaa samaki wembamba, warefu kama kidole, weupe wa kung'aa kama wametoka kusuguliwa. Alichota kwa kikombe, akajaza mpaka kikawa na kilele, akamimina kwenye mfuko, kisha akaongeza kiganja kizima cha matabishi, yaani nyongeza, kwa kuwa mimi ni mgeni. Nilimwambia kwamba samaki hawa asili yao ni kwetu Ziwa Tanganyika, waliletwa Kivu mwaka 1959. Akacheka: "Basi, Papa, umekuja kuangalia bandugu yako!"

Samaki hao huvuliwa usiku na wavuvi wanaounganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakawasha taa na kuimba wakisubiri wavu ujae. Ukisimama ufukweni usiku wa giza utaona ziwa limewaka taa. Nilimuuliza mama yule biashara inaendaje. Alisema wateja wapo, franga ndizo hazipo. Benki zilikuwa zimefungwa tangu Februari. Mwenye akiba aliwategemea mawakala wa fedha za simu, au alivuka mpaka kutafuta pesa yake mwenyewe. Nikamtajia mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni kati ya Kongo na Rwanda, na tamko la Doha la tarehe 19 Julai kati ya Kinshasa na M23. Alikuwa anayajua yote.

"Balisaini kule Doha, tulisikia," alisema. "Basi ifike na huku Kadutu, tuione."

Sijasoma uchambuzi wa mikataba ile uliosema zaidi ya hapo. Wapatanishi wanahesabu saini na vifungu. Mama wa sokoni anahesabu wanaonunua, vizuizi barabarani, na watoto waliolala bila kuamshwa na risasi. Kipimo chake ndicho cha haki.

Kijana wa pikipiki aliyenipandisha kutoka Nyawera alikuwa amesoma sheria chuo kikuu. Alinieleza habari za Rubaya, kule Kivu Kaskazini, machimbo yanayokadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantalumu ya dunia, madini yanayotumika kwenye simu, na yaliyotekwa na M23 mwaka 2024. Simu niliyokuwa nikipigia picha za ziwa, alisema, huenda ina jasho la ndugu zake. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mji wa Bukavu umezoea kutekwa. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukalia kwa miezi kadhaa. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa hapa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekataa kuukimbia mji na kuwaacha watu wake. Mwaka 2004 waliingia askari waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi. Lakini kila mara mji ulizaa watu wa kuuinua. Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999, ikatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, naye akapewa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Alipokimbilia ng'ambo baada ya kushambuliwa nyumbani kwake mwaka 2012, wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza mazao yao ili wachangie nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi, na umati ukampokea njiani kutoka Kavumu. Ukitaka kuijua Bukavu, anza na nauli hiyo.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo Bukavu si habari ya mbali; ni nyumba ya jirani, na Kiswahili chake tunakielewa bila mkalimani. Tuulize habari zake kama tunavyouliza za Arusha au Mombasa. Tuwabane viongozi wetu kuhusu madini yanayopita katika nchi zetu. Na siku uwanja wa Kavumu utakapofunguliwa na njia zikawa salama, twende, tulale huko, tununue sambaza. Mkataba wa amani utakuwa umetimia siku mama wa Kadutu atakaposema ameuona.