Ras Ngomeni, Mwisho wa Nchi Kavu

Wahenga walisema tembea uone. Likizo ya Agosti nilikwenda Ras Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa babu mzaa mama. Naam, ndugu msomaji, ukishavuka daraja la Mto Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni, ukakata kulia kwenye mashamba ya chumvi, Afrika inakuishia miguuni. Mbele ni Bahari ya Hindi. Ukishika mashariki moja kwa moja, nchi kubwa utakayoikuta ni Sumatra kule Indonesia!

Pale ni mchanga, mikoko na upepo wa kusi unaokupiga makofi mchana kutwa. Ng'ambo kidogo ya pwani yamesimama majukwaa ya chuma, miguu majini. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 ili kurusha roketi. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi, na mabaki yake huanguka baharini, si juu ya nyumba za watu.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, wakaiita Uhuru. Kiswahili kikapaa!

Lakini mimi sikupelekwa huko na roketi. Nilikuwa na deni la pesa za chakula shuleni, na mjomba alitaka niache masomo niingie mashuani mwake.

"Samaki hawaulizi cheti, mpwangu," alisema.

Babu akanyoosha mkono kwenye yale majukwaa. "Siku ile nilikuwa kijana mdogo, nimekaa ufuoni hapa hapa. Niliona moshi tu. Chombo kina jina la lugha yetu, na sisi tukaambulia moshi! Huyu mwacheni asome, aje atwambie ndani mlikuwa na nini."

Mjomba alinyamaza. Jumapili alinisindikiza hadi Gongoni kupanda matatu, akanitia mkononi shilingi 1,500, mauzo ya samaki wa juzi.

"Lipa hizo kwanza," akasema. "Nyingine tutaona."

Wenzangu, deni bado lipo. Lakini nami darasani nipo, tena kiti cha mbele wakati wa Fizikia.