Kabla ya singo na hina, pima damu

Msimu wa harusi umeingia, na wengi mnaniuliza singo gani nzuri na bi harusi akae ndani siku ngapi. Inshaallah hayo tutayazungumza. Leo nataka kuwahadithia jambo ambalo hata baadhi ya ndugu zangu hawalijui, maana nililificha kwa aibu.

Nilikuwa nakula udongo.

Ndio, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, ambao tumezoea kuona wajawazito wakiutafuna. Mimi sikuwa mjamzito, nilikuwa msichana niliyeposwa tu. Niliufunga kwenye leso na kuuficha chini ya mto. Nikiukosa, nasubiri mama ageuke jikoni nichote mchele mbichi. Nilijiona nina tabia mbaya, nikawa namuomba Mungu anisaidie niiache.

Nikaingia ndani kwa wiki mbili. Gauni lilishonwa la kubana, kwa hiyo nikajipangia chakula mwenyewe: asubuhi chai ya rangi na kipande cha boflo, mchana matango, usiku chai tena. Maji nikinywa kidogo sana, kwa sababu ukishapakwa liwa mwili mzima hutaki kuinuka kila saa kwenda chooni.

Siku ya nane somo yangu alikuja kunisinga. Akanishika viganja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanivuta kope la chini la jicho.

"Mwanangu, huu si weupe wa singo. Wewe huna damu."

Nikacheka. Nilipoinuka kwenda kukoga, chumba kikazunguka, nikajikuta sakafuni, kichwa kiko mapajani mwake.

Mama akaingia mbio. Neno lake la kwanza lilikuwa watu wasijue, wasije wakasema bi harusi mgonjwa. Simlaumu, mnajua maneno ya watu yalivyo. Lakini somo akamjibu, "Bi mkubwa, harusi ya siku tatu, ndoa ya umri. Tumvishe buibui twende."

Kipimo kilionesha wingi wa damu ni 8.4. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Daktari akaniuliza hedhi yangu huchukua siku ngapi. Nikamwambia nane au tisa, na nyingi. Nilidhani ndiyo kawaida ya wanawake wote. Kisha akauliza, "Unakula kitu kisichokuwa chakula? Udongo, barafu, mchele mbichi?" Nikainamisha macho. Nikasema ndio.

Hakunicheka. Alinieleza kuwa hamu ile mara nyingi ni dalili ya mwili kukosa madini ya chuma, na kwamba udongo wenyewe unaweza kuyashika madini hayo tumboni yasiingie mwilini. Kumbe nilikuwa naongeza maradhi kwa kile nilichodhani kinanituliza. Chuma ndicho kinachotengeneza ile sehemu ya damu inayobeba hewa. Kikipungua, unachoka, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanamme 8 tu, kwa sababu sisi tunapoteza damu kila mwezi.

Na chai yangu? Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, hasa kile cha mboga na nafaka. Sasa naisubirisha saa moja au mbili. Mchicha, kisamvu, kunde na maharage nakamulia ndimu au nakula na chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia. Dagaa, samaki na nyama vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi zaidi.

Kuhusu maji, kiasi cha nusu ya uzito wetu ni maji, au zaidi. Ukijinyima, damu nayo inapungua ujazo, ndiyo maana ukisimama ghafla unaona kizunguzungu. Singo inang'arisha juu tu.

Nilipewa vidonge vya chuma vya miezi mitatu, nikaambiwa choo kitakuwa cheusi nisiogope. Nikapewa na foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku. Hii, mabibi harusi, isikilizeni vizuri: uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, kabla wengi wetu hatujajua kama tumebeba. Ndiyo maana huanzwa kabla.

Tafadhali msikimbilie kununua dawa ya kuongeza damu bila kupimwa. Damu hupungua kwa minyoo, kwa malaria, kwa selimundu na kwa mengine, na kila moja ina tiba yake.

Njiani kurudi nyumbani mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Mimba yako nzima niliula udongo. Na bibi yako pia." Tukashikana mikono. Vizazi vitatu, kila mmoja na leso yake ya siri.

Ndoa ilifungwa siku ileile iliyopangwa, alhamdulillah. Gauni tulilifumua ubavuni, na hakuna aliyejua. Mume wangu nilimueleza baada ya wiki moja. Siku ya pili alirudi na fungu la machungwa. Baada ya miezi minne damu ilifika 12.1, na hamu ya udongo imeondoka yenyewe, kama haikuwahi kuwepo.

Mwili ni amana, wapenzi, na tutaulizwa juu yake. Kama una leso yako chini ya mto, hujaharibika tabia. Mwambie mtu unayemuamini, ukapime.

Tuombeane dua.